Si Baridi Peke Yake Inayomwua Ndama

Ukifika Kinangop, Molo au Limuru katika mwezi wa Julai utaona ukungu umelala juu ya mashamba mpaka saa nne za asubuhi, na watu wamevaa makoti mazito wakipeleka maziwa barabarani. Hayo ndiyo majira ambayo ofisi za kilimo na mifugo hupata habari nyingi za ndama waliokufa. Ukimwuliza mwenye ndama ni ugonjwa gani uliomchukua, jibu huwa moja: "Ameuawa na baridi." Mimi ni karani, si daktari wa mifugo, lakini kazi ya karani ni kuandika habari hizo daftarini, na mtu aandikaye jambo moja mara nyingi mwishowe huanza kuliuliza maswali. Kwa nini baridi ile ile imwue ndama wa shamba hili na kumwacha wa jirani? Ukungu ni mmoja, mpaka ni ua wa michongoma tu, na pengine hata baba wa ndama hao ni mmoja, maana mbegu ilitoka katika mtungi mmoja.

Jambo hili si dogo, ewe msomaji. Ndama jike wa ng'ombe mzuri ndiye ng'ombe wako wa maziwa baada ya miaka miwili na nusu hivi. Akifa, umepoteza gharama ya mbegu, umepoteza maziwa yote aliyokunywa, na umepoteza karo uliyokuwa ukiihesabu juu ya mgongo wake. Hata anayepona, ikiwa sehemu ya mapafu yake imekwisha haribika, hukawia kukua, hukawia kushika mimba, na mara nyingi maziwa ya uzao wake wa kwanza huwa pungufu. Mwenyewe husema mbegu ilikuwa mbaya, na kumbe shida ilianza ndama akiwa na umri wa wiki tano.

MLINZI WA MAPAFU

Tazama kwanza jinsi mapafu yanavyojilinda. Njia ya hewa, kuanzia puani mpaka kifuani, imepakwa ute unaonata. Chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupepea mchana na usiku kama shamba la ngano lipigwalo na upepo. Vumbi na vijidudu hunaswa katika ute, na vinyweleo huusukuma ute juu mpaka kooni. Hapo ndama huumeza, na tumbo hummaliza adui. Ndama mzima hufanya kazi hiyo maisha yake yote bila wewe kujua.

Vijidudu haviji pamoja na ukungu. Vingi vimo tayari puani mwa ndama mwenye afya, vimekaa tu. Vingine hutolewa na ng'ombe wakubwa wanaokohoa karibu naye. Mlinzi akilegea, vijidudu huteremka mpaka ndani kabisa. Mwili nao hupeleka damu na maji mahali pale ili kupigana, na vile vifuko vidogo vilivyokuwa na hewa hujaa maji na usaha. Hapo ndipo tusemapo mapafu yamevimba. Hospitalini huitwa nimonia, na wazee wengi huita kichomi. Ng'ombe, pamoja na ukubwa wake wote, ana mapafu madogo kwa kulinganisha na mwili. Hana akiba kubwa ya pumzi, na sehemu ndogo ikijaa usaha mnyama mzima huona taabu.

KUKU KATIKA MAJI YA BARIDI

Basi baridi ina hatia gani? Swali hili lilijaribiwa zamani na Louis Pasteur wa Ufaransa, yule ambaye jina lake limo katika lile neno lililoandikwa juu ya pakiti za maziwa ya dukani kuonyesha kwamba yamepashwa moto. Katika siku zake ilijulikana kwamba kuku hapatwi na kimeta kwa urahisi, ingawa ng'ombe na kondoo hufa kwacho upesi. Mwili wa kuku una joto la digrii 41 au 42, na Pasteur alifikiri ya kuwa ni joto hilo linalomzuia adui.

Mwaka 1878 aliwaonyesha wataalamu wenzake mjini Paris matokeo ya kazi yake. Kuku mmoja alitiwa vijidudu vya kimeta kisha akawekwa katika maji ya baridi. Akafa. Wa pili alitiwa vijidudu vile vile lakini hakuwekwa majini. Akaishi. Wa tatu aliwekwa majini bila kutiwa kijidudu chochote, naye akaishi. Kisha kuna wa nne, na huyu ndiye nimpendaye zaidi. Alitiwa vijidudu, akawekwa majini, ugonjwa ukaanza kumshika, ndipo akatolewa, akafunikwa vizuri na kuwekwa mahali pa joto. Akapona.

Kama ningalikuwa bado darasani ningeichora habari hii ubaoni. Vijidudu bila baridi, kuku mzima. Baridi bila vijidudu, kuku mzima. Vyote viwili pamoja, kuku maiti. Na huyo wa nne anatuambia kwamba mnyama aliyeanza kuugua hajapotea bado, akipewa joto mapema. Kimeta si ugonjwa wa mapafu ya ndama, lakini hesabu ni ile ile. Tena baadhi ya vijidudu viharibuvyo mapafu ya ndama ni vya jamii iitwayo Pasteurella, iliyopewa jina kwa heshima ya mtaalamu huyo.

Wa siku zetu nao wamelifuata jambo hili. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichukua chembechembe hai za njia ya hewa ya panya na kuzitia virusi vya mafua. Zilipokuwa katika joto la digrii 33, ambalo ni kama joto la ndani ya pua, zilipigana kwa udhaifu kuliko zilipokuwa katika joto la kifuani, digrii 37. Kwa hiyo wazee waliosema baridi huleta mafua hawakukosea kabisa. Baridi haimleti adui, lakini humlegeza mlinzi.

Sasa ndama huanza kuona baridi lini? Ndama mchanga, aliye mahali pakavu pasipo upepo, huanza kutumia chakula chake kujipasha joto hewa ikishuka chini ya digrii 10 hadi 15. Katika Nyandarua hizo ni nyuzi za usiku mwingi, si za Julai tu. Lakini akifika mwezi mmoja, huku amelishwa vizuri, anaweza kuvumilia hata karibu na digrii 0, mradi awe mkavu, ameshiba, na hapigwi na upepo. Shika hayo matatu, maana ndiyo yanayomtenga ndama wako na wa jirani.

Watu wengine huogopa zaidi mwezi wa Januari, wakati usiku una nyota nyingi na asubuhi majani ni meupe kwa umande ulioganda. Baridi hiyo ni kali kweli, lakini ni kavu, na jua hutoka mapema. Ndama mwenye manyoya makavu ni kama mtu aliyevaa sweta. Julai ni tofauti: manyunyu, tope, na jua lisiloonekana siku tatu. Manyoya yakilowa hulala juu ya ngozi, na ile hewa ya joto iliyokuwa katikati yake huondoka. Hiyo ni sweta iliyotolewa karaini sasa hivi, na hakuna mtu anayeivaa kwa kutafuta joto.

KIBANDA KILICHOZIBWA

Hapa ndipo penye neno langu kubwa. Mkulima mwenye huruma, akiona Julai imeingia, huziba kibanda cha ndama. Huchukua karatasi za nailoni, magunia na mabati ya zamani, akafunika kila tundu mpaka juu kwenye paa. Wengine huongeza jiko la makaa ndani. Usiku akiweka mkono mlangoni husikia vuguvugu, akaenda kulala akiwa ameridhika.

Lakini ndani mna nini? Ndama hupumua mvuke usiku kucha, na mvuke huo ukikosa pa kutokea hugeuka matone juu ya mabati, yakamdondokea mgongoni. Mkojo uliolowesha matandiko hutoa ile hewa kali iitwayo amonia, iwashayo macho. Amonia na moshi huviumiza vile vinyweleo nilivyovitaja, visiweze kupepea tena. Na ndama mmoja akikohoa, vijidudu vyake havina pa kwenda ila kifuani mwa mwenziwe. Kwa kuogopa baridi mtu huyu amemfungia ndama pamoja na adui, akamnyang'anya mlinzi. Vuguvugu lile alilolisikia mlangoni ni pumzi iliyotumika.

Kuna jaribio lisilogharimu hata shilingi moja. Ingia kibandani alfajiri, kabla hewa ya nje haijaingia sana. Piga magoti juu ya matandiko na uhesabu polepole mpaka 25. Suruali ikilowa magotini, basi ndama amelala majini usiku mzima. Kisha, ukiwa bado umepiga magoti, inamisha kichwa mpaka kimo cha pua ya ndama uvute pumzi tatu. Macho yakiwasha au koo likikereka, hicho ndicho anachovuta yeye kwa saa kumi na mbili. Wengi hunusa wakiwa wamesimama mlangoni na kusema hapana harufu. Ndama hasimami mlangoni.

Kibanda kizuri huzuia upepo chini na kuachia hewa juu. Ukuta wa upande utokao upepo uzibwe kabisa mpaka kimo cha futi 4 hivi, kwa mbao, mabanzi au udongo, ili ndama akilala asipulizwe. Juu yake, chini ya paa, acha nafasi wazi ambapo hewa chafu yenye joto itatokea, maana hewa ya joto hupanda. Upande wa pili, unaotazama jua la asubuhi, uwe wazi zaidi. Nafasi ya futi 4 kwa futi 5 yatosha kwa ndama mdogo mmoja, na afadhali kila mmoja awe na chumba chake, mbali na ng'ombe wakubwa wanaokohoa. Si lazima saruji.

Wengi siku hizi wamejenga vile vibanda vilivyoinuliwa, vyenye sakafu ya mbao zilizoachana ili mkojo upite. Ni vizuri kwa usafi, lakini katika nchi ya baridi upepo hupita chini na kumpiga ndama tumboni. Ziba pande za chini upande wa upepo, na juu ya mbao utandike nyasi kavu.

Kuhusu matandiko, usiwe bahili. Majani makavu ya ngano ni bora kuliko yote, na wakulima wa Mau Narok na Nyandarua wanayo. Asiyekuwa nayo atumie nyasi kavu, au maranda ya fundi seremala. Matandiko yawe mengi kiasi kwamba ndama akilala miguu yake haionekani. Akizama hivyo hujitengenezea kiota chake cha joto. Toa yaliyolowa kila siku na uongeze makavu. Kumvika gunia mgongoni ni kuzuri pia, ila gunia lililolowa ni baya kuliko kukosa gunia, kwa hiyo uwe na mawili, moja likianikwa jingine livaliwe.

Neno moja juu ya kusafirisha. Ndama anayenunuliwa sokoni na kupakiwa nyuma ya gari wazi jioni, upepo ukimpiga maili ishirini, kisha kesho yake akakatwa pembe, amepewa taabu tatu kwa siku mbili. Msafirishe mchana, umkinge na upepo, na pembe zingoje.

MAZIWA YA KWANZA

Ndama huzaliwa karibu bila kinga yoyote mwilini, maana damu ya mama haimpitishii kinga tumboni kama ilivyo kwa mtoto wa binadamu. Kinga yake imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya kwanza. Tumbo la ndama lina mlango wa kupitisha kinga hiyo, na mlango huo huanza kufungwa tangu saa za kwanza, na baada ya saa 24 hivi umekwisha fungwa. Ndama wa kilo 40 anywe lita 4 katika siku ya kwanza, na nusu yake au zaidi iwe ndani ya saa 6. Nimesikia watu wakisema dang'a humharisha ndama, wakaikamua na kuimwaga. Ni afadhali umwage maziwa ya wiki nzima kuliko hayo.

Baadaye, katika miezi ya baridi, usimpunguzie maziwa kwa sababu bei imepanda. Chakula ndicho kuni za mwili wake. Mpe maziwa yakiwa na joto kama yalivyotoka kiweleni, na katika usiku mkali yafaa umwongezee mlo mmoja mdogo jioni.

UKIMWONA ANAUGUA

Dalili ya kwanza ni ndogo: ndama hakimbilii ndoo. Anakuja, lakini anakuja nyuma ya wengine, sikio moja limelegea. Baadaye hukohoa, pua hutoa kamasi jembamba kisha zito, na mbavu huanza kupanda na kushuka upesi. Mtazame akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja kwa saa au kwa simu yako. Zikizidi 40, naye hajakimbia wala hayuko juani, pana neno. Kipimajoto kitakuhakikishia: joto la kawaida la ndama ni digrii 38.5 hadi 39.5, na likipanda mpaka 40 na kuzidi, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa ikitolewa siku ya kwanza hufanya kazi kubwa, na ikitolewa siku ya nne mara nyingi hukuta mapafu yamekwisha ganda. Tena usikatize dawa kwa kuwa ndama ameanza kula. Maliza siku zote alizosema daktari.

Wakati unamngoja, fanya kama alivyofanyiwa yule kuku wa nne. Mtenge na wenzake, mkaushe kwa gunia, mpe matandiko makavu na hewa safi. Lakini nakusihi usimwinue kichwa na kumnywesha mafuta, soda au supu kwa chupa. Ndama anayehema kwa taabu hawezi kumeza sawasawa, na kinywaji hicho huingia mapafuni badala ya tumboni. Wako ndama ambao wangepona baridi na vijidudu vyote, wakauawa na chupa ya mkombozi wao.

Usichanganye ugonjwa huu na ile homa ya mapafu ya ng'ombe ya kuambukiza, inayowapata hata wakubwa na kupita kutoka kundi hata kundi, wala na nduguye wa mbuzi, ambaye kijidudu chake kilipatikana kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1976. Hizo haziponi kwa kutandika nyasi. Zina chanjo zake, na ukiona wanyama wazima wengi wanakohoa na kufa, kwa sheria lazima utoe habari ofisi ya mifugo upesi, wala usiuze hata mmoja.

NA NDANI YA NYUMBA YAKO

Gazeti hili ni la mashamba, lakini ambaye amekwisha piga magoti kibandani na apige magoti pia jikoni, mahali alalapo mtoto. Katika Julai ile ile tunafunga madirisha ya jikoni, tunawasha kuni mbichi, na mtoto mchanga amebebwa mgongoni mwa mama juu ya moshi. Kifua cha mtoto kina vinyweleo kama vya ndama, na moshi haubagui. Acha upenyo juu ya ukuta moshi utoke, kausha kuni kabla ya msimu, na umlaze mtoto chumba kisicho na moto, amefunikwa vizuri. Jiko la makaa lisikae kamwe ndani ya chumba kilichofungwa watu wakilala, maana hewa yake huua bila harufu.

Chanjo ya kuzuia nimonia ilianza kutolewa kwa watoto wa Kenya mwaka 2011, nayo hutolewa bure kliniki kuanzia wiki ya 6. Tazama kadi ya mtoto wako kama imeandikwa. Na hesabu ile uliyojifunza kwa ndama hutumika hapa pia, ila kwa nambari nyingine. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 mpaka miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, huo si mafua tu. Na ukiona ngozi chini ya mbavu inavutwa ndani kila anapopumua, au amekataa kunyonya, mfunike, umfunge kifuani pako mahali penye joto, uende hospitali usiku huo huo. Usingoje ukungu uondoke.